Tone la Esanse na Jina la Mtu

Motokari ikianza kula esanse kupita desturi yake, watu hukimbilia majibu mawili. Wengine wanasema motere imechoka. Wengine, na ndio wengi, wanasema shofere anauza esanse njiani. Jibu la tatu, kwamba esanse inavuja, linakuja mwisho, wakati maneno yamekwisha kusemwa na jina la mtu limekwisha kutembea kijijini. Nataka kuwaeleza, ndugu wasomaji, namna ya kutafuta mahali esanse inapovujia. Katika misioni zetu nyingi kuna motokari moja tu, na hiyo ni ya wote: ya padri anayekwenda vituoni, ya mgonjwa, ya maiti, ya mifuko ya sementi. Nitaeleza kwa habari niliyoiona kwa macho yangu mwaka 2014, katika parokia moja ya Bonde la Ruzizi, nilipokuwa katekista pale.

Lakini kwanza tujue esanse ni kitu gani. Watu wanaiogopa kama kitu kinachowaka, na wana haki, ila hawajui hasa kinachowaka ni nini. Siyo maji yake, bali mvuke wake. Esanse hutoa mvuke hata kwenye baridi kali ya digrii 40 chini ya sifuri, baridi ambayo sisi wa bondeni hatutaiona kamwe. Basi kwenye joto letu inatoa mvuke saa zote, mchana na usiku. Mvuke huo hauonekani kwa macho. Ni mzito kuliko hewa, mara tatu au hata nne, kwa hiyo haupandi kama moshi. Unashuka, unatambaa chini, unaingia mitaroni na katika lile shimo ambalo mafundi hushukia kutazama motokari chini yake. Sehemu moja na nusu tu ya mvuke katika sehemu 100 za hewa yatosha kuwaka. Mazutu siyo hivyo. Mazutu lazima ipate joto la digrii zaidi ya 50 ndipo mvuke wake ushike moto. Ndiyo sababu shofere wa kamio ya mazutu anaweza kuwa na mikono iliyolowa siku nzima na asipate neno, na mwenzake wa esanse akaungua kwa kiberiti kimoja.

Sisi wa Bonde la Ruzizi hatuna haja ya kufundishwa jambo hili kwa vitabu. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, kamio iliyobeba esanse ilipinduka pale Sange. Esanse ikamwagika njiani na kati ya nyumba. Watu wakaja na makopo na ndoo kuchota. Wengine walikuwa ndani ya nyumba, wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka, na watu zaidi ya 230 wakafa. Tangu siku ile, mtu akisema katika parokia zetu kwamba anasikia harufu ya esanse, hakuna anayecheka.

Hata hivyo pua inazoea, na hapo ndipo habari yangu inaanzia.

Motokari ya parokia yetu ilikuwa kamioneti ya zamani, ya esanse, yenye karbirateri na tangi la litri 60. Shofere wake alikuwa mzee wa miaka karibu 60, mjane, mtu wa maneno machache. Wote tulimwita Papa Shofere. Kwa miaka 11 aliandika katika daftari kila safari: siku, mahali, kilometri, na esanse aliyotia. Tena alikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyemfundisha. Kila sindano ya esanse iliposhuka robo, aliandika kilometri za saa ile.

Mwaka ule, baada ya Pasaka, mtunza feza wa parokia aliona kwamba esanse inakwisha upesi. Zamani tangi lililojaa lilikwenda kilometri 400. Sasa lilikwenda 335. Kwa motokari yetu, iliyokula litri 15 kwa kilometri 100 kwenye njia mbaya, hiyo ilikuwa karibu litri 10 zilizopotea kwa kila tangi. Mtunza feza hakuwa mtu mbaya, nataka lijulikane. Alikuwa mwalimu wa shule aliyepumzika, mtu wa hesabu safi. Alijua feza ile inatoka wapi: inatoka kwa wamama wanaouza ndagala na muhogo, wanaofunga noti mbili katika kitambaa na kuzitia katika kikapu cha sadaka. Litri 10 kwake hazikuwa esanse tu. Akatoa neno barazani. Neno likatoka barazani, likaenda kisimani, likafika sokoni. Baada ya wiki mbili watoto walikuwa wakiimba kitu nyuma ya kamioneti.

Padri paroko aliniita Jumatatu. Akasema, “Mwalimu, wewe ulifanya kazi katika garaji ya seminari. Baraza litakaa Jumamosi, na wanataka nimwondoe mzee. Tazama kwanza.” Ilikuwa kweli. Katika seminari ndogo kila mmoja wetu alikuwa na kazi ya mikono alasiri. Wengine walipewa bustani, wengine mabata. Mimi nilipewa garaji, chini ya ndugu mtawa mmoja ambaye hakuniruhusu kushika ufunguo wowote miezi mitatu ya kwanza. Nilitazama na kufuta tu. Alituambia kwamba motokari haina uongo wala haya. Mtu asiyejua kuiuliza ndiye anayesema imemdanganya.

Nilikwenda kwa Papa Shofere. Nilimkuta ameketi kwenye kiti chake mbele ya garaji, ameshika kofia magotini.

“Hodi, Papa.”

“Karibu, Mwalimu. Wamekutuma?”

“Padri amenituma nitazame motokari.”

Alikaa kimya kidogo, halafu akaingia ndani na kurudi na madaftari manne yaliyofungwa kwa kamba. “Haya ndiyo. Sitajitetea. Kama ningekuwa naiba, ningeandika vizuri zaidi.”

Neno hilo sikulielewa mara moja. Nalielewa usiku, kwenye taa.

Wasomaji mnaikumbuka habari ya Suzana katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13. Wazee wawili walimshitaki, umati ukawaamini maana walikuwa waamuzi, naye akapelekwa kuuawa. Danieli kijana hakuleta machozi wala hasira. Aliwatenga wale wazee, akamwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja akataja mti huu, mwingine akataja mti ule. Swali lenyewe lilikuwa dogo, swali la mahali. Kila ninaposoma sura ile nafikiri kwamba Danieli angekuwa fundi mzuri. Maana mtu akija garaji na kusema, “Motokari yangu inakunywa esanse,” hakuna la kufanya mpaka umeuliza: inapotea wapi? Na lini? Ikiwa imesimama au ikitembea? Tangi likiwa limejaa au likiwa nusu? Motere ikiwa baridi au moto?

Madaftari yalijibu sehemu ya maswali hayo. Nilitazama miezi ya mwaka uliotangulia. Robo ya kwanza ya tangi ilikwenda kilometri 100, ya pili 100, na zilizobaki vilevile, kwa kupungua au kuzidi kidogo. Nilitazama miezi ya baada ya Pasaka. Robo ya kwanza: kilometri 45. Ya pili: 95. Ya tatu: 98. Ya nne: 97. Nikahesabu matangi mengine mawili, na mambo yalikuwa yaleyale. Mtu atasema sindano ya esanse inadanganya. Ni kweli, sindano nyingi zinadanganya, lakini sindano moja inadanganya namna moja mwaka huu na mwaka jana. Kwa hiyo upungufu mkubwa, karibu litri 8, ulikuwa katika robo ya kwanza peke yake, na upungufu mdogo, kama litri moja na nusu, ulitawanyika katika robo nyingine.

Mtunza feza, nilipomwonyesha kesho yake, alitikisa kichwa. “Mwalimu, hiyo ndiyo dalili ya mwizi. Anatoa tangi likiwa limejaa, maana hapo haionekani.” Nilimheshimu kwa jibu hilo, maana lilikuwa jibu la mtu anayefikiri. Lakini kuna kitu kingine kinachofanya vivyo hivyo. Mtungi uliotoboka ubavuni hupoteza maji mpaka yafike kwenye tundu, kisha hunyamaza. Chini ya tundu maji yanakaa salama mwaka mzima.

Tulianza na kile kinachoonekana. Nilimwomba Papa Shofere aisukume kamioneti nje ya garaji, kwenye hewa, mbali na jiko la masista. Tukaweka ndoo mbili za mchanga karibu. Garaji ile ilikuwa na jambo moja lililotupofusha wote: pipa la esanse la misioni lilikuwa limesimama mle ndani, pembeni, na kila siku mlango ulipofunguliwa harufu ilitoka. Nani angejiuliza kama harufu ni ya pipa au ya tangi? Sakafu nayo ilikuwa ya mchanga, na mchanga hunywa kila kitu. Nje, kwenye upepo, pua zetu zilirudi kuwa na akili. Papa Shofere alisimama nyuma ya gurudumu la kulia, akanusa, akanitazama.

Chini ya motokari, esanse inayovuja haiachi bwawa kama mafuta ya motere. Inakauka. Inaacha alama: mahali palipooshwa vumbi, au kinyume chake, mstari wa vumbi lililoshikamana, mweusi au wa rangi ya chai. Fuateni mstari huo kwenda juu, siyo chini, maana tone huanguka mbali na mahali lilipozaliwa. Linaweza kutembea juu ya tiyo ya chuma mkono mzima kabla ya kudondoka.

Tuliona mstari wa kwanza mbele, kwenye pompi ya esanse, pale ambapo tiyo inayokwenda kwenye karbirateri imefungwa kwa visi. Nilikausha pale kwa kitambaa, nikapaka unga wa chaki, chaki ileile ya darasa la ubatizo, na Papa Shofere akawasha motere. Baada ya dakika mbili unga ukaingia giza upande mmoja. Tone likatokea, likakaa, likaanguka. Padri alikuwa amesimama nyuma yetu. Akapiga makofi. Aliona kazi imekwisha.

Nilisema tungoje, tupime. Tulifunga chupa ndogo kwa waya chini ya tone lile, tukaacha motere inguruke nusu saa, boneti wazi, mtu mmoja akilinda na mchanga. Tulipata kama vijiko vitatu vya chakula. Fanyeni hesabu: vijiko sita kwa saa moja, na tangi moja kwetu lilikuwa kazi ya saa 13 hivi njiani. Hiyo haizidi sana litri moja. Basi tumepata ile litri moja na nusu iliyotawanyika, kwa kuwa nyingine inakauka kabla ya kufika chupani. Litri 8 bado hatujazipata. Hapa watu wengi wanakosea. Wakiona tone moja wanafunga boneti na kumshukuru Mungu, na tone lile lina ndugu yake nyuma.

Tone lile la mbele, hata hivyo, halikuwa la kudharau. Lilikuwa linaanguka karibu na motere ya moto. Dawa yake ilikuwa rahisi. Katika kiungo kile kuna pete ya shaba nyekundu, ambayo ikikaa miaka inakuwa ngumu na haibani tena. Pete mpya ni bora. Usipokuwa nayo, peleka ya zamani kwa mfua vyuma, mbali kabisa na motokari, aiweke motoni mpaka iwe nyekundu, halafu aizime katika maji. Shaba siyo kama chuma cha kisu. Ukiizima hivyo inarudi kuwa laini. Tuliisugua, tukairudisha, tukakaza. Chaki ikabaki nyeupe.

Zipo sehemu nyingine ambazo nilizitazama na nikazikuta nzima, nazitaja upesi. Pompi ina ngozi ndani. Ikipasuka, esanse inaweza kuingia katika mafuta ya motere badala ya kudondoka chini. Vuteni kijiti cha mafuta: kama mafuta yamepanda na yananuka esanse, msiwashe tena motere hiyo. Karbirateri ina kielea na sindano yake. Uchafu ukishika pale, esanse inafurika, na harufu inakuwa kali mara baada ya kuzima motere. Na tangi lenyewe linaweza kutoboka kwenye mshono. Hapo mafundi wa njiani wanasugua kipande cha sabuni kavu kwenye ufa, na sabuni inashika, maana esanse haiyeyushi sabuni. Ni dawa ya kukufikisha nyumbani tu. Lakini asiwepo mtu wa kupeleka tangi kwa mchomeleaji kwa kuwa “liko tupu”. Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke.

Alhamisi jioni nilikuwa nimebaki na siku moja na tundu moja, nalo lazima liwe juu. Tangi la kamioneti yetu lilikuwa upande wa kulia, chini ya sanduku la nyuma. Mdomo wa kutilia esanse ulikuwa ubavuni, na kati ya mdomo na tangi kulikuwa na mpira mnene, urefu wa kiganja, uliobanwa pande mbili kwa kolye, yaani mikanda midogo ya chuma yenye visi. Nilimwambia Papa Shofere, “Kesho tutalijaza mpaka juu.” Akajibu, “Padri aone. Na mtunza feza aone.” Ndilo ombi pekee alilotoa wiki ile.

Ijumaa asubuhi tulikuwa wanne. Tulilijaza tangi kwa bido, polepole. Nikapaka chaki kuzunguka mpira. Tukangoja robo saa. Hakuna kitu. Chaki nyeupe kama hostia. Mtunza feza alitazama saa yake, na Papa Shofere alitazama chini. Moyo wangu ulikuwa unapiga, sikatai.

Ndipo mzee mwenyewe akasema, kwa sauti ndogo, “Motokari hii haijawahi kujazwa ikabaki tupu nyuma. Siku ya kujaza ndiyo siku ya kupeleka mizigo.”

Ilikuwa kweli, na ilikuwa katika daftari. Tukapakia mifuko sita ya sementi nyuma. Padri naye alibeba, kanzu imekunjwa. Kisha Papa Shofere akaipeleka kamioneti mpaka kwenye barabara ya mashimo nyuma ya shule na kurudi, haikuwa hata kilometri moja. Nililala chini na kioo changu cha kunyolea, maana upande wa ndani wa mpira, ulioelekea chesi, haukuonekana kwa jicho. Katika kioo niliona mpira umepasukapasuka kama kisigino cha mtu wakati wa kiangazi, na katika ufa mmoja esanse ilikuwa inatoka. Halikuwa tone. Ilikuwa kamba nyembamba, inatiririka juu ya tangi, inafika kwenye bati la kuzuia mawe, inasambaa pale na kukauka, na iliyobaki inaanguka njiani katika vumbi. Tukashusha mifuko miwili: ufa ukajifunga, ikabaki kudondoka. Tukashusha yote: pakakauka.

Mtunza feza alivua koti, akalala chini pale nilipolala. Nikampa kioo. Alikaa chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka alinusa vidole vyake, akamwambia Padri, “Siku ya Jumanne usiku tulimpeleka yule mama wa uchungu.” Hakumaliza. Sisi wote tulikumbuka. Jumanne ya wiki iliyotangulia tangi lilikuwa limejazwa jioni. Nyuma, chini ya bashi, walikuwamo watu saba, mama mwenyewe amelala, na mavyaa wake ameshika taa ya petroli inayowaka, kwa sababu mama aliogopa giza. Bashi ilikuwa imefungwa pande zote kwa ajili ya mvua. Walikwenda kilometri 38 hivyo. Mtoto alizaliwa salama, alibatizwa na Padri huyohuyo. Sina maelezo mengine ya usiku ule.

Sasa kutengeneza. Kwanza tuliondoa waya wa batri, ule wa upande wa kutoa, ili cheche isitokee. Tulipunguza esanse ya tangi mpaka litri 40, chini ya ufa, tukaandika kwa rangi juu ya kifuniko: LITRI 40 TU. Kwa siku tisa kamioneti ilitembea hivyo, mpaka mpira mpya ulipofika kutoka Bukavu. Kijana mmoja wa garaji ya jirani alitaka kutusaidia kwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, kifungwe kwa waya. Mwingine alileta mpira wa radiatere. Yote mawili yanaonekana mema siku ya kwanza. Lakini mpira wa gurudumu na mpira wa radiatere haikutengenezwa kwa esanse. Ikikaa ndani yake inavimba, inakuwa laini kama ugali, kisha inapasuka. Lazima mpira unaouzwa kwa kazi ya esanse. Unagharimu zaidi, na baraza lililalamika kidogo.

Tulipotoa mpira wa zamani tuliona jambo ambalo bila hilo kazi yote ingekuwa bure. Mdomo wa tangi ulipaswa kushikwa na visi mbili kwenye bati la ubavu. Moja ilikuwa imeanguka, nani ajuaye lini. Kwa hiyo kila shimo la njia na kila mfuko wa sementi ulivuta mdomo upande huu, na tangi likabaki upande ule, na mpira katikati ukawa kama mtoto anayevutwa na wazazi wawili. Tungebadili mpira peke yake, mwaka usingepita. Tulitia visi mpya na pete ya kuzuia isilegee, halafu kolye mbili mpya, kukazwa kwa kiasi, siyo kwa nguvu zote, maana kolye iliyokazwa kupita kiasi inakata mpira inaoulinda. Pipa la esanse tulilitoa garajini siku ileile. Lilijengewa kibanda chake, wazi pande mbili.

Imebaki habari ya Baraza la Jumamosi. Padri alisoma Katekismu ya Eklezya Katolika, ile iliyotolewa mwaka 1992, namba 2477, inayosema juu ya hukumu ya haraka: kwamba mtu anaikosea heshima ya mwenzake hata akikubali moyoni tu, bila sababu ya kutosha, kwamba mwenzake ametenda ovu. Halafu akaruka mpaka namba 2487, juu ya wajibu wa kurekebisha. Watu walifikiri atahubiri. Hakuhubiri. Aliketi.

Mtunza feza alisimama. Alisema kwamba maneno yake aliyasema mbele ya watu kumi na wanne, na kwamba sasa anawaona kumi na wanne wale wamo ndani, kwa hiyo atayasahihisha mbele yao. Alieleza kilometri 45, na pete ya shaba, na mpira, kwa mpangilio mzuri kuliko ninavyoeleza mimi hapa. Kisha akasema kwamba kisimani na sokoni hakuwapo yeye, ila neno lilitoka kwake, na Jumapili baada ya Misa ya kwanza atasema tena. Akafanya hivyo, kwa lugha ya watu wa pale, na wamama wa ndagala walimsikia. Mimi nadhani alilipa deni lake lote. Wengine walisema ilitosha barazani na kwamba alimwaibisha mzee mara ya pili kwa kumtaja kanisani. Sikubaliani nao. Wimbo wa watoto haukuwa umeimbwa barazani.

Papa Shofere hakujibu neno. Jumatatu alikuja kwangu na daftari jipya. Alikuwa amechora mistari kwa rula, akaongeza safu moja upande wa kulia ambayo haikuwamo katika yale manne ya zamani. Nilimwuliza ni ya nini.

“Ya sahihi, Mwalimu. Kila nikitia esanse, mtu wa pili aandike jina lake.”

“Papa, hakuna anayekudai hilo sasa.”

“Najua. Andika wewe la kwanza.”

Niliandika. Tangi la kwanza lililojazwa mpaka juu baada ya mpira mpya lilikwenda kilometri 392. Robo ya kwanza ilikuwa 97.